Droni zinanunuliwa China, habari ingali inatembea kwa mguu

Wandugu vijana wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare, na ninyi wote muliotoka huku mukaenda kutafuta maisha Kindu, Bukavu, Lubumbashi ao Kinshasa,

Tunaandika haya tukiwa mahali pa juu kidogo nyuma ya soko la Nyangwe, juu ni pale tu rezo inashika. Kila mtu wa hapa anapajua. Jioni utakuta vijana kumi, kumi na tano wamesimama, simu juu. Mmoja anatafuta matokeo ya konkuru ya kazi, mwingine anangojea pesa ya simu kutoka kwa yaya yake, mwingine anataka tu kujua kama njia ya Kabambare iko salama kesho. Lile swali la mwisho njo linatufanya tuandike.

Sisi ni vijana wenye diploma, bila kazi. Mmoja wetu alisoma umeme, mwingine informatiki, mwingine sheria, mwingine uchumi. Hatuandiki juu tunapenda vita. Tunaandika juu vita inatufikia bila kupiga hodi. Leta inatumia pesa mingi kwa ulinzi, lakini hatujaona hata franka moja ikifika huku kwa ajili ya kitu kimoja rahisi kinachoweza kuokoa vijiji vyetu: habari ifike mbele ya bunduki.

Usiku mmoja upande wa Kabambare

Siyo zamani, kijiji kimoja upande wa Kabambare kilivamiwa usiku. Hatutaji jina lake, juu waliobaki bado wanaishi pale. Waliokuja walikuwa na bunduki. Walichukua mbuzi, mchele, simu, pesa ya mihogo, na vijana wawili wa kubeba mizigo.

Kijiji kinachofuata kiko mwendo wa saa mbili kwa mguu. Nacho kilivamiwa kulipokucha, na watu wale wale. Kati ya kijiji cha kwanza na cha pili kulipita karibu saa nane. Saa nane za kuamsha watoto, kuficha wasichana, kuita askari. Lakini hakuna mtu wa kijiji cha pili aliyejua kitu. Antena ya simu iko pale karibu, inaonekana kabisa, lakini jenereta yake haikuwa na mazutu tangu siku nne. Habari ilifika Kasongo kesho yake, mgongoni mwa motari mmoja aliyepita njia za pori. Askari walipofika, walikuta majivu na kilio.

Tulipouliza wazee, mmoja alitujibu: "Wakati wetu ngoma ingesema." Na ni kweli. Huku kwetu wazee walikuwa na ngoma ya mti yenye kusema maneno. Habari ya kifo, ya kikao, ya hatari, ilivuka pori na mto mbele mtu hajafunga mzigo wake. Leo tuko na simu mfukoni, lakini kwa habari ya hatari tumerudi nyuma ya babu zetu.

Sisi wa Nyangwe hatuna haki ya kusahau jambo hili. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wenye bunduki, wa upande wa wafanyabiashara waliotoka Pwani, walifyatulia watu soko letu. Livingstone alikuwa hapa, aliona kwa macho yake na akaandika. Hesabu aliyopewa ilikuwa kati ya watu 330 na 400 waliokufa, wengi wanawake, wengi walizama ndani ya Lualaba wakikimbia. Dunia ilikuja kujua, ndiyo, lakini kwa barua iliyofika Ulaya baada ya miezi mingi. Wale mama hawakupata hata dakika moja ya kuonywa. Miaka zaidi ya 150 imepita, na mama anayekwenda soko upande wa Salamabila bado hana mtu wa kumwambia: leo usiende.

Ulinzi wa kimtandao ni nini?

Tukisema teknolojia ya ulinzi, wengi wanawaza droni na kombora. Hivyo ni sehemu tu. Majeshi ya leo yanatafuta zaidi kuunganisha: anayeona, anayesikia, anayeamua na anayetenda, wote wawe ndani ya rezo moja. Redio, simu, kamera, satelaiti, ramani kwenye kompyuta. Ukiwa na bunduki elfu moja bila rezo, uko na watu elfu moja vipofu. Ukiwa na rezo, hata askari hamsini wanaweza kufika mahali panapofaa kwa wakati unaofaa.

Mashariki ya Kongo hatuhitaji kuelezwa hayo na mgeni. Mwezi wa Desemba 2013, MONUSCO ilirusha droni zake za kwanza pale Goma. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutumia droni. Kisha mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba mawimbi ya GPS yalikuwa yanavurugwa huko Kivu, hata ndege za kubeba misaada zikaingia hatarini. Kwa hiyo anga letu limekuwa uwanja wa majaribio tangu zamani. Swali letu: kwa miaka yote hiyo, ni vijana wangapi wa inchi hii waliofundishwa kutengeneza hata kipande kimoja cha vyombo hivi? Tulikuwa tunaangaliwa kutoka juu, sisi wenyewe hatukupewa hata darubini.

Pesa iko

Tutaambiwa: Leta haina pesa. Wandugu, tuhesabu pamoja.

Mwaka 2022 inchi yetu ilipata sheria ya kupanga matumizi ya jeshi, kutoka 2022 mpaka 2025. Kiasi kilichotajwa ni karibu dola miliari 3,5. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm, inayofuata matumizi ya majeshi dunia nzima, iliandika kwamba mwaka 2023 matumizi ya jeshi la Kongo yalipanda kwa asilimia 105 ndani ya mwaka mmoja, yakafika dola milioni 794. Mwaka ule hakuna inchi nyingine ulimwenguni iliyopandisha kwa kiwango kama kile. Droni kubwa za CH-4 zilinunuliwa kutoka China. Na pamoja na hayo yote, mwisho wa Januari 2025 Goma ilianguka, na katikati ya Februari Bukavu ikafuata.

Hatusemi askari wetu hawakupigana. Wengi walikufa, na wengine ni kaka zetu. Tunasema kwamba kununua chombo kikubwa siyo sawa na kuwa na ulinzi. Chombo kikiharibika, fundi anatoka mbali. Uwanja wa ndege ukianguka, chombo kinahama ao kinapotea. Lakini ujuzi ulioko ndani ya kichwa cha kijana wa Kasongo, hakuna mtu anayeweza kuuteka.

Na sisi raia tulishalipa. Munakumbuka RAM? Kuanzia Septemba 2020 walikata yuniti zetu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ile ya 3G ao 4G. Mama anayeuza mihogo alilipa, mwanafunzi alilipa, motari alilipa. Watu walipiga kelele mpaka ikaondolewa mwanzoni mwa 2022. Tulitoa pesa ya rezo tusiyokuwa nayo. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 nayo inatambua mfuko wa kupeleka huduma ya simu na intaneti mahali ambapo kampuni haioni faida, ule unaoitwa FDSU. Sheria iko. Jina la mfuko liko. Huku kwetu antena bado inangojea mazutu.

Chukueni asilimia moja tu ya ile milioni 794. Ni karibu dola milioni 8. Senti moja kwa kila dola ya jeshi.

Wengine wamefanya nini kwa pesa kidogo?

Tuanzie hapa Kongo. Huko Haut-Uélé na Bas-Uélé, wakati LRA ya Joseph Kony ilikuwa inateka watoto, Kanisa Katoliki la kule pamoja na shirika Invisible Children walifunga redio za mawimbi mafupi ndani ya vijiji. Kila siku kwa saa zilizopangwa, vijiji vilipeana habari: nani ameonekana, wapi, wanaelekea wapi. Kijiji kisicho na antena ya simu kiliweza kuonya kingine. Tangu 2011 habari zile ziliwekwa kwenye ramani ambayo kila mtu aliweza kuiona. Ile ilikuwa rezo ya ulinzi, na iliendeshwa na wakulima na makatekista. Pesa yake ilitoka kwa wafadhili wa inje. Leta yetu ingeweza kuikamata ile akili na kuipeleka inchi nzima.

Kenya, mwanzoni mwa 2008, wakati watu walikuwa wanauana baada ya uchaguzi, vijana wachache walitengeneza Ushahidi: raia anatuma ujumbe wa simu, tukio linaonekana kwenye ramani. Programu ile ilikwenda mpaka Haiti baada ya tetemeko la 2010.

Ukraine, inchi iliyoko vitani, serikali ilifungua mwaka 2023 dirisha moja linaloitwa Brave1. Kijana mwenye wazo la ulinzi anapeleka wazo, wataalamu wanalipima, likifaa anapata pesa ya kulijaribu. Kule walisambaza pia vipaza-sauti maelfu juu ya nguzo, vinasikiliza mlio wa droni za adui na kutuma habari. Kila kimoja kiligharimu kati ya dola 400 na 500 hivi. Hata vikiwa elfu kumi, hesabu yake ni dola milioni 4 ao 5. Na raia wa kawaida nao wanatoa taarifa kwa simu wakisikia kitu kinapita. Sisi siyo Ukraine, na adui zetu wanakuja zaidi kwa mguu kuliko kwa anga. Lakini somo ni lile lile: sikio la bei rahisi, likiunganishwa na mengine, lina nguvu.

Na mtu asituambie Mukongomani hawezi. Robo za kuongoza magari zilizosimama kwenye njia za Kinshasa tangu 2013 zilitoka kwa injinia mama, Thérèse Izay Kirongozi, na timu yake. Jean-Patrice Keka alirusha roketi zake pale Menkao, moja ikiwa na panya ndani. Watu walicheka ule panya. Sisi tunajiuliza: kama mtu alifika pale kwa nguvu zake, angefika wapi na mfuko wa kweli nyuma yake?

Tulijaribu wenyewe

Hatutaki kuwa watu wa kulalamika tu. Tulichanga pesa, tukaagiza vifaa vidogo vya LoRa. Ni redio za nguvu ndogo: zinatuma ujumbe mfupi kwa kilomita kadhaa bila antena ya kampuni, bila yuniti, na ujumbe unaweza kuruka kutoka kisanduku kimoja mpaka kingine. Programu yake, Meshtastic, ni ya bure. Tulitengeneza visanduku vitatu, kila kimoja chini ya dola 50, na kipande cha sola na betri ya zamani. Kimoja tuliweka hapa juu, kimoja ku bandari ya mitumbwi, kimoja tulimpa Mgenya mmoja akavuka nacho Lualaba. Ujumbe wa kwanza ulikuwa: "Niko ng'ambo, samaki hakuna." Tulicheka, lakini kusema kweli wengine wetu walilia kidogo.

Tulibeba vile visanduku mpaka ofisi moja ya serikali. Mkubwa wa kwanza alituuliza kama tuko na pesa ya sukari. Wa pili alituogopesha: "Hivi ni vitu vya jeshi, munataka kufungwa?" Wa tatu alikuwa mwema, alituita watoto wake, akasema wazo ni zuri lakini hakuna bajeti, hakuna sanduku la kuandika mradi kama huu, hakuna hata fomu. Tulirudi kwa mguu. Visanduku viko ndani ya nyumba, vimefunikwa na kitenge.

Na yule wa pili hakukosea kabisa. Redio zinahitaji ruhusa, na ruhusa ni lazima iwepo. Lakini kama mwenye bunduki ya pori anapata redio na sisi wenye diploma tunaogopa kifungo, sheria inamlinda nani?

Maswali magumu

Wamoja watatuuliza: ninyi ni vijana wa amani, munaombaje pesa ya jeshi? Jibu letu: kuonya siyo kuua. Katiba yetu, katika kipengele cha 52, inasema Wakongomani wote wako na haki ya amani na usalama. Kipengele cha 63 kinasema kulinda inchi ni haki na wajibu wa kila Mukongomani. Wengi wa rika letu wamepewa bunduki na jina la Wazalendo. Sisi tunasema kijana aweze pia kulinda inchi kwa kichwa chake, bila kupewa bunduki.

Wengine watauliza: anayetoa habari hatauawa? Hili ni swali la kweli, na linatunyima usingizi. Mtu akikutwa na kisanduku pale Salamabila, mwenye bunduki anaweza kumwita mpelelezi. Njo maana rezo hii haiwezi kujengwa na mtu mmoja mmoja kwa kujificha kama sisi tulivyofanya. Inapashwa kuwa ya kijiji kizima: ile ile inayotumika kwa bei ya mchele, kwa mama anayetaka kuzaa, kwa kipindupindu, kwa mafuriko ya Lualaba. Chombo cha kila mtu hakimtaji mtu.

Swali la tatu: Leta si itatumia rezo hii kutusikiliza sisi wenyewe? Tunaogopa hilo pia. Mwenye kusikia adui anaweza kusikia raia. Kwa hiyo tunataka sheria mbele ya vyombo. Hakuna kurekodi mazungumzo, hakuna kuhifadhi majina, na kijiji kiwe na neno la mwisho juu ya nani anashika redio.

Na swali la nne, lile ambalo kila mtu analo mdomoni: pesa haitaliwa? Italiwa, kama itapita njia zile zile. Kwa hiyo tusiombe pesa tu, tuombe na njia yake.

Tunachodai

Kwa serikali na kwa wabunge wetu wa Kasongo na Kabambare tunasema:

1. Asilimia moja ya bajeti ya ulinzi iwekwe kwenye mfuko wa ubunifu wa ndani, kwa mawasiliano, maonyo ya mapema na matengenezo ya vyombo. Isinunue bunduki hata moja.

2. Mfuko ule uwe na mlango wazi: tangazo la watu wote, fomu moja, tarehe moja, na majibu yaliyoandikwa. Majina ya walioshinda na kiasi walichopata vitangazwe. Yale ya siri ya jeshi yabaki siri, lakini pesa ya utafiti siyo siri.

3. Majaribio ya kwanza yafanyike mahali penye shida. Tunapendekeza njia ya Kasongo mpaka Kabambare na Salamabila, kwa mwaka mmoja, na raia wapime matokeo.

4. FDSU na kampuni za simu ziseme wazi ni antena ngapi za teritware zetu zinafanya kazi na zipi zimelala. Antena yenye sola haingojei mazutu.

5. Vijana wenye diploma za umeme, informatiki na ufundi wapewe ruhusa ya majaribio ya redio chini ya usimamizi, mbele ya kuitwa wahalifu.

Na wewe unayesoma?

Usiishie kuweka alama ya moyo chini ya andiko hili. Kikao cha bajeti cha Bunge kinafunguliwa kila mwaka tarehe 15 Septemba. Mbele yake wabunge wanarudi nyumbani kutusalimia, wanagawa tishati na chumvi. Safari hii, mbunge wako akifika, pokea chumvi kama unataka, lakini muulize mbele ya watu wote: "Papa, ndani ya bajeti ya ulinzi, habari ya kijiji changu iko ku mstari wa ngapi?" Rekodi jibu. Tuma. Kama uko Kinshasa, nenda muulize kule. Kama wewe ni injinia uko Ulaya ao Afrika Kusini, tuandikie, utufundishe, hata saa moja kwa wiki.

Sisi tutapanda tena mahali petu pa juu, simu juu, kungoja majibu yenu. Na visanduku vyetu vitatu bado vinafanya kazi. Siku Leta itakapotaka kuviona, tutaondoa kitenge.

Vijana wa Nyangwe, teritware ya Kasongo, jimbo la Maniema